Neno Ajali na Historia ya Barabara Zetu

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, fikira zetu aghalabu huelekea kwenye ngoma, mashairi, mavazi, na mila za jando na unyago. Ni nadra sana mtu kutaja barabara. Lakini barabara ni mahali ambapo taifa zima hukutana: mkulima na baiskeli yake, mtoto wa shule, msukuma mkokoteni, dereva wa lori la kwenda Lubumbashi, na kiongozi katika msafara wake. Jinsi watu wanavyopishana njiani ni mila kama mila nyingine, na jinsi wanavyokufa njiani ni historia inayostahili kuandikwa. Katika insha hii twakusudia kuitazama historia hiyo, tukianza na neno lenyewe tunalolitumia.

Ajali ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani maana yake haikuwa gari kupinduka. Lilikuwa na maana ya muda uliokadiriwa, kikomo cha uhai wa kiumbe, ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiandika na ambacho hakisogei mbele wala nyuma. Mzee wa pwani aliyesema kwamba fulani amefikwa na ajali yake alikuwa akisema kuwa siku yake imetimia, hata kama marehemu huyo alifia kitandani kwa uzee. Ndipo tulipopata methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Kwa maana ile ya kale methali hiyo ni kweli tupu, maana hakuna mwanadamu awezaye kuizuia siku yake ya mwisho. Magari yalipokuja tulihitaji jina la kuiita balaa hii mpya, tukalichukua neno lile lile. Toka hapo basi likitumbukia bondeni twasema ni ajali, na ile methali ikalifuata neno kama kivuli. Sisi tunaoshughulika na lugha twajua kwamba neno likihamia nyumba mpya huhama na vyombo vyake vyote. Hivyo pamoja na neno likaja wazo kwamba vifo vya barabarani haviulizwi sababu.

Hatusemi haya kwa kupunguza imani ya mtu yeyote. Twasema tu kwamba historia ya vifo hivi ina utaratibu. Vina mahali pake, vina saa zake, vina watu wake. Jambo lenye utaratibu wa namna hiyo laweza kuulizwa limetoka wapi.

Njia kuu za nchi yetu zilianza kuua watu kabla ya gari kuwapo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipitisha pembe za ndovu na watumwa kuja pwani, na nguo na shanga kwenda bara, mizigo yote ikiwa vichwani na mabegani mwa watu. Mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na punda katika mapori, kwa hiyo mnyama wa mizigo alikuwa binadamu. Wapagazi walikufa kwa ndui, kwa njaa na kwa kuhara, wakazikwa kandokando ya njia au wasizikwe kabisa. Kisha Waingereza na Wajerumani walipopigana vita vyao katika ardhi yetu, kuanzia 1914 hadi 1918, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ni kumbukumbu yao, kwa kuwa ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wabeba mizigo. Anayenunua mchele Kariakoo leo amesimama mahali penye historia ya usafirishaji, ingawa hakuna anayemwambia. Twataja haya ili msomaji aone jambo litakalorudi mara nyingi huko mbele: tangu mwanzo njia zetu zilipimwa kwa mzigo uliofika, na mtu aliyebaki njiani hakuingia katika hesabu.

Motokaa iliingia polepole. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam katika motokaa iliyoundwa makusudi kwa safari yake, nia yake ikiwa kulivuka bara la Afrika mpaka pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, katika nchi iitwayo leo Namibia, mwezi Mei 1909. Safari ya gari iliyochukua karibu miaka miwili yatuonyesha barabara zilikuwaje. Wajerumani wenyewe waliweka imani yao katika reli. Ile ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Waingereza waliopokea utawala baada ya vita waliifuata njia hiyo hiyo, na katika miaka ya 1930 waliweka hata sheria za kuyazuia malori yasiinyang'anye reli biashara yake. Kwa hiyo tulipopata Uhuru mwaka 1961 barabara za lami zilikuwa chache mno, na magari yalikuwa machache vile vile. Vifo vilikuwapo, lakini vilikuwa vya hapa na pale. Lori limeteleza katika tope. Daraja la magogo limevunjika. Mwendo wenyewe haukuruhusu zaidi.

Mambo yalibadilika ghafla, na yalibadilishwa na vita vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia, iliyokuwa imejitawala mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ilikuwa ikisafirisha shaba yake na kupokea mafuta yake kwa njia za kusini. Mlango huo ulipoanza kufungwa, mafuta yalilazimika kupelekwa kutoka bandari ya Dar es Salaam yakiwa ndani ya mapipa, juu ya malori, katika barabara ya udongo iliyopita Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, na kuendelea hadi Ukanda wa Shaba. Barabara ile haikujengwa kwa kazi hiyo. Wakati wa masika iligeuka tope la kumeza magurudumu, na wakati wa kiangazi ikawa wingu la vumbi ambamo dereva hakuweza kuliona lori la mbele yake. Katika mteremko wa Kitonga, ambako barabara hupanda kwa kona kali kutoka bonde la Ruaha kwenda nyanda za juu za Iringa, lori lililokatika breki halikuwa na pa kukimbilia ila korongoni. Wazungu waliiita barabara hiyo njia ya Jahanamu. Madereva na matandiboi waliokufa humo walikuwa wakiisaidia nchi jirani isipigiwe magoti na makaburu, nao kwa haki wangestahili kuhesabiwa miongoni mwa wapigania ukombozi, ingawa sisi hatujapata kuwasikia wakitajwa katika siku ya mashujaa.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Barabara nayo ikajengwa upya na kutiwa lami mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikajengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Kwa dereva wa lori lami ilikuwa neema. Lakini lami huleta mwendo, na mwendo ndio unaoua. Walimu wa fizikia watatusaidia kuwaeleza wanafunzi wao kwamba gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa halina nguvu mara mbili ya gari la kilomita 30, bali mara nne. Mtu aliyegongwa na la pili ana matumaini makubwa ya kusimulia mkasa wake. Aliyegongwa na la kwanza hana matumaini hayo. Basi barabara iliyonyooshwa na kulainishwa kwa ajili ya shaba ya Zambia ikapita katikati ya watu waliokuwa wangali wakienda kwa miguu.

Katika miaka hiyo hiyo watu nao walihamia barabarani. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kuishi katika vijiji litakuwa jambo la lazima, na katika Operesheni Vijiji mamilioni ya wananchi walihama kutoka katika makazi yaliyotawanyika. Nia ilikuwa kuwafikishia shule, zahanati na maji, na kwa kuwa huduma hizo zilibebwa na magari, vijiji vingi vilipangwa kandokando ya barabara. Nyumba zikawa upande huu na shamba upande wa pili. Shule huku, kisima kule. Katika ramani ya mpangaji barabara ilikuwa mshipa wa kuleta uhai kijijini. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ilikuwa kitu cha kuvukwa mara nne kwa siku. Biashara ikafuata palipo na wasafiri. Leo mtu akipita Ruaha Mbuyuni hukuta vitunguu vimepangwa barabarani, na akifika Ilula hukuta nyanya. Sisi nasi tumezinunua kwa furaha kupitia dirisha la basi. Lakini kila ndoo ya nyanya ina mama aliyesimama nyuma yake, na baina ya mama huyo na gurudumu la lori la tani thelathini hapana kitu.

Haisemwi kwamba taifa lilikaa kimya. Mwaka 1973 ilitungwa Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo ndiyo iliyoweka msingi wa Baraza la Taifa la Usalama Barabarani na ya kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo wanamokaa watu. Sheria ilikuwapo, basi, na barabara ikawa na desturi zake nyingine. Mwezi Januari 1979 taifa lilimpoteza Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyetoka Morogoro, katika ajali ya gari huko Mombasa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliuawa karibu na Dakawa, mkoani Morogoro, alipokuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma, baada ya gari lake kugongana na gari lililotoka upande wa mbele. Mahali hapo sasa huitwa Wami-Sokoine. Wananchi walilia, na tungo za maombolezo zikatungwa kwa wingi.

Ushairi wa maombolezo una desturi yake, nayo ni kumfariji mfiwa kwa kumkumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti. Desturi hiyo ni njema, na hatutaki iachwe. Hata hivyo kazi ya kuuliza ni ya watu wengine, nao wangepaswa kuuliza kwa nini barabara kuu yenye njia mbili tu, isiyo na kizuizi katikati, iwe ndiyo ya kupishanisha malori mazito, mabasi ya abiria na misafara ya viongozi, wote wakiwa na haraka.

Hapa yafaa tuitazame dunia kidogo, maana kuna watu wanaodhani kwamba Mwafrika hakuumbwa kuendesha gari. Mwaka 1934 katika Uingereza watu 7,343 walikufa barabarani, wakati nchi hiyo ilikuwa na magari yapatayo milioni mbili na nusu. Mwaka 2022, magari yakiwa zaidi ya milioni 40, walikufa 1,711. Waingereza hawakubadilika damu katika miaka hiyo. Walianzisha mtihani wa udereva mwaka 1935 pamoja na kikomo cha mwendo mijini, wakatengeneza njia za kando za waendao kwa miguu, wakalazimisha mikanda, wakapima ulevi, wakagawa barabara kuu kwa vizuizi. Mtaalamu wao wa takwimu, R. J. Smeed, alizilinganisha nchi 20 kwa hesabu za mwaka 1938, na mwaka 1949 akatangaza alichokiona: nchi yenye magari machache huua watu wengi zaidi kwa kila gari moja, na kadiri magari yanavyoongezeka ndivyo kila gari linavyoua watu wachache. Wapo waliosoma habari hiyo kama unabii, wakadhani yatosha kungoja nchi itajirike. Sisi twaiona ni habari ya kusikitisha kuliko hivyo. Inasema kwamba magari ya mwanzo huingia katika jamii isiyo na njia za miguu, isiyo na hospitali za karibu, wala watu waliozoea kukadiria mwendo wa chuma kinachokuja.

Hesabu za siku zetu zinakubaliana na hayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Bara la Afrika kwa hesabu za shirika hilo lilikuwa na asilimia 3 tu ya magari ya dunia na asilimia 15 ya watu wake, lakini lilikuwa na asilimia 19 ya vifo hivyo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa duniani ni watu wasiokuwa ndani ya gari lolote: waendao kwa miguu, wenye baiskeli, na wenye pikipiki pamoja na abiria wao. Mpagazi wa zamani alikufa chini ya mzigo wa tajiri. Mrithi wake hufa kando ya mzigo wa tajiri unaopita.

Tuseme sasa juu ya waliomo ndani ya gari. Mwaka 1983, Shirika la Usafiri Dar es Salaam lilipokuwa limelemewa, serikali iliruhusu mabasi madogo ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, yakaitwa daladala. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wametangulia kuyahalalisha matatu yao mwaka 1973. Nayo jina lake lilitokana na nauli, mapeni matatu. Yafaa kuangalia kwamba lugha iliyaita magari haya kwa bei, kwa sababu bei ndiyo iliyoyaendesha tangu siku ya kwanza. Dereva wa daladala kwa kawaida halipwi mshahara wa mwezi. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu, yaani kiasi fulani kilichopangwa, abiria wawepo wasiwepo, na baada ya kutoa mafuta kinachobaki ndicho chake na kondakta wake. Mtu aliye katika mkataba wa namna hiyo akingoja taratibu kituoni atalala njaa. Akimpita mwenzake kwenye kona na kuwahi abiria, watoto wake watakula. Tumewasikia waheshimiwa wakiwalaumu madereva kwa ukosefu wa ustaarabu, na baadhi ya lawama hizo ni za haki. Lakini kuanzia Mwenge mpaka Mbagala mashindano yale yalipangwa mezani, na aliyeyapanga hakupanda daladala.

Bodaboda ni sura ya karibuni zaidi. Jina hilo lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako vijana wenye baiskeli waliwavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea katika miaka ya 2000, jina likashuka nazo mpaka kila kijiji cha Tanzania, na mwaka 2010 zikawekewa kanuni za kubeba abiria kwa leseni. Zimeokoa wajawazito wengi waliokuwa mbali na zahanati, na hilo lisisahauliwe. Wakati huo huo zimewaweka vijana wa kiume, wengi wao wakiwa wametoka shule majuzi tu, juu ya chombo kisicho na ukuta, katika barabara ile ile ya malori. Kofia ya kujikinga mara nyingi ni moja, nayo ni ya dereva. Hospitali zetu zimejifunza kazi ya mifupa kwa kasi ambayo hakuna aliyeiomba.

Lipo pia kundi la vifo ambalo nchi zetu za Afrika ya Mashariki na Kati zimelirudia kwa namna ya kutisha. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, nchini Kenya. Watu wakaenda kukinga mafuta kwa madumu na ndoo, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010 yakatokea yayo hayo Sange, katika Kivu ya Kusini nchini Kongo, wakafa zaidi ya 230. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa zamu ya Msamvu, mjini Morogoro, wakafa zaidi ya 100, na miongoni mwao walikuwamo madereva wengi wa bodaboda waliokuwa na maegesho karibu na hapo. Miji mitatu katika nchi tatu ilipatwa kwa namna moja. Waliofika Msamvu hawakuwa wajinga wasiojua kwamba petroli huwaka. Walikuwa watu ambao kila siku hutazama utajiri ukipita ndani ya matangi bila kusimama, na siku hiyo ukasimama.

Kuhusu saa za vifo, serikali ilijaribu dawa kali. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria ya masafa marefu yalikatazwa kusafiri usiku wa manane, kwa sababu ya ajali nyingi na ujambazi wa njiani. Usiku ukapumzika, lakini haraka ilihamia mchana. Wasafiri wa miaka ile watakumbuka kituo cha Ubungo alfajiri, mabasi ya mikoa yote yakiunguruma, kisha saa kumi na mbili yakatoka kwa mkururo mmoja, kila dereva akijua kwamba lazima afike Mwanza au Mbeya kabla ya kukamatwa na kiza. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023, na magari sasa hufuatiliwa kwa vidhibiti vya kielektroniki. Kama hesabu zitakuwa nzuri zaidi, wanafunzi wa leo ndio watakaoandika.

Hesabu zenyewe, hata hivyo, zina habari yake, na sisi tuliokaa miaka mingi na mafaili twaiona kuwa ndiyo habari kubwa kuliko zote. Kwa mwaka 2016 polisi wetu waliandikisha vifo 3,256 vya barabarani katika Tanzania. Kwa mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa vilizidi 16,000. Tofauti hiyo ni mara tano. Si lazima tumtuhumu mtu kwa uongo. Askari wa usalama barabarani huandika aliyemkuta amekufa, au aliyeripotiwa kwake. Mwanamke aliyegongwa na pikipiki njia ya kwenda kisimani, akabebwa na ndugu zake kwa mkokoteni, akalala nyumbani siku tatu na hospitali siku tisa, akifa siku ya kumi na mbili hana karatasi ya polisi. Hospitali itaandika jeraha la kichwa. Kijiji kitasema ajali, kwa maana zote mbili. Nasi tutakapokaa kupanga bajeti ya njia za miguu, marehemu huyo hatakuwapo mezani kutusemea. Kitabu cha mkuu wa msafara wa Bagamoyo kilihesabu frasila za pembe na kuwaacha wapagazi. Vitabu vyetu havijakiacha mbali kama tunavyodhani.

Mwalimu wa historia au wa jiografia anaweza kulichunguza jambo hili bila fedha yoyote. Awaagize wanafunzi wake waende kwa wazee wa kijiji au mtaa, waulize ni nani waliokufa barabarani hapo tangu lami ilipofika, walikuwa wakifanya nini, saa ngapi, na mahali gani hasa. Majina wayaache nyumbani kwa wafiwa, lakini mahali wapatie alama katika ramani. Hatuna shaka kwamba alama hazitatawanyika. Zitakusanyika penye soko, penye kona ya mteremko, penye shule, penye kituo kisicho na pa kushukia.

Penye shule tunapataja kwa makusudi. Tarehe 6 Mei 2017 basi lililobeba wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao, lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Nchi nzima iliomboleza, kama ilivyostahili. Lakini watoto wengi zaidi hufa mmoja mmoja, mbele ya lango la shule, na hao hawatangaziwi maombolezo. Katika miaka ya 2010 ilifanywa kazi katika baadhi ya shule za msingi za Dar es Salaam zilizokuwa na majeruhi wengi. Wataalamu walisimama na watoto, wakaangalia wanapita wapi hasa, kisha wakajenga njia za miguu, matuta, vivuko na vigingi vya kuzuia magari yasipande pembeni, na mahali pengine wakahamisha lango la shule kutoka barabara kubwa kulipeleka mtaa wa nyuma. Idadi ya watoto walioumia katika maeneo hayo ilipungua kwa kiasi cha robo. Vifaa vilivyotumika vilikuwa saruji, nondo na rangi nyeupe, na vyote vilipatikana hapa hapa mjini.